Miraba Bila Maelezo

Sambaza zenyewe, dagaa wa ziwa letu, zilikuwa nzuri, zimekauka sawasawa, hazina mchanga. Lakini mama muuzaji wa soko la Bagira alizifunga ndani ya ukurasa wa gazeti letu, na mimi siwezi kushika karatasi yenye maandishi bila kuisoma. Ni ugonjwa wa kazi. Nikasoma nimesimama, mtoto mgongoni. Chini kabisa, upande wa kushoto, mahali palipokuwa pangu kwa miaka saba, waliandika hivi:

“Tunaomba radhi. Miraba ya toleo lililopita haikuweza kujazwa kwa sababu mtungaji wetu, Citoyenne Nabintu, alikosea kutokana na uchovu wa uzazi. Majibu ni haya.”

Na majibu yamepangwa kama orodha ya wafu. Hakuna hata mstari mmoja wa maelezo.

Nilisoma mara ya pili. Mara ya tatu nilisoma kwa sauti.

“Maman, iko nini? Iko na mchanga?” muuzaji aliuliza.

“Hapana. Rudisha sambaza yako mu beseni.”

“Lakini ushalipa!”

“Kaa nazo. Mimi nachukua karatasi.”

“Eh! Ulikuya kununua samaki ao karatasi?”

“Karatasi.”

Wanawake wakacheka. Mmoja, amekaa nyuma ya muhogo wake, akasema, “Hamumujue? Ni ule maman wa miraba. Ule alitudanganya. Bwana yangu alikaa na ile gazeti siku nne, hata chakula aliacha.”

Siku zote saba za juma mimi ni mtu wa kujizuia. Siku ile sikujizuia. Niliyoyasema sitayaandika hapa, maana hata mimi nilishangaa kwamba nayajua. Mtoto wangu Asifiwe aliamka akaanza kulia, nami nikapanda barabara ya mjini na ile karatasi mkononi, inanuka samaki.

Miraba ya toleo lile sikuitoa mimi. Ilipotoka nilikuwa na siku kumi tangu nijifungue, na sikuwa nimeshika kalamu hata kuandika jina la mtoto.

Basi ninyi vijana mnaomaliza humanités, yaani sekondari, mnaonisimamisha njiani kuniuliza kazi ya miraba inafanywa namna gani na nani anaweza kuwaingiza, nimeamua kuwajibu mara moja kwa wote. Nimestaafu. Msicheke. Nina miaka ishirini na minane na nimestaafu, kama askari aliyepigwa mguu. Na msidhani naandika kwa sababu hasira imeisha. Haijaisha. Lakini kwanza muijue kazi yenyewe, mjue ni kitu gani ninachokililia.

Mots croisés za Kifaransa, miraba ya kujaza maneno yanayopishana, mnazijua. Wanakuuliza mto wa Ulaya, wewe unaandika mto wa Ulaya. Ukijua unajua, usipojua basi. Miraba yetu ya Kiswahili haikuwa hivyo. Kila dokezo lilikuwa na mikono miwili. Mkono mmoja unakupa maana ya neno, mkono wa pili unakupa namna ya kulijenga kwa herufi zake, na yote miwili imefichwa ndani ya sentensi moja inayojifanya kuongea mambo mengine kabisa. Mikono ikikutana kwenye neno lilelile, umefika.

Aliyenifundisha ni Papa Bahizire, mpanga herufi wa imprimerie yetu, nyumba ya kuchapa gazeti. Yeye alijifunza mchezo huo kwa padri mmoja muzungu aliyeucheza kwa lugha yake, akaurudisha katika Kiswahili peke yake, kidogo kidogo, huku akipanga matangazo ya vifo na ya mbuzi waliopotea. Vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kifundo. Alisoma herufi za chuma kinyume, kutoka kulia, kwa upesi kuliko mimi ninavyosoma kitabu.

Siku ya kwanza nilipokuja kuomba kazi hakutazama diploma yangu. Alinipa kipande cha karatasi: “A, kisha sali: nyuki watakukasirikia. Herufi tano.”

“Asali,” nikasema hapohapo. Nilijiona mtu.

“Jibu naijua tangu zamani,” akasema. “Mimi nataka njia. Ulipitia wapi?”

“Nyuki, Papa. Nyuki wanatengeneza asali.”

“Ulirukia dirisha. Rudia nyumbani, ukuye kesho na njia.”

Nilirudi Bagira kwa miguu nimekasirika. Nikafikiri usiku kucha kitu ambacho mtoto wa primaire angekiona: herufi A, halafu neno “sali”, yaani omba Mungu. A na SALI. Kesho yake nilimweleza, akasogeza kiti. “Kaa. Sasa unaweza kuanza kutokujua.”

Ndiyo maana katika gazeti letu majibu hayakutoka hata siku moja bila maelezo. Toleo moja linatoa miraba, toleo linalofuata linatoa njia, dokezo kwa dokezo. Papa Bahizire alisema kumpa mtu jibu tupu ni sawa na kumpiga kofi halafu kumwambia ameshiba.

Tulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona mahali pengine. Pale mlangoni kwetu alikaa Maman Nsimire, anauza karanga za kuchemsha. Hakuvuka mwaka wa tatu wa primaire. Kila dokezo, kabla halijapangwa, lazima nitoke nje nimsomee na nimweleze njia. Kama akisema “Kumbe!”, dokezo linapita. Kama akisema “Ndiyo, maman”, kwa heshima, na kuendelea kupima karanga zake, dokezo linatupwa. Hakuna rufaa.

Nakumbuka nilimpelekea hili: “Mama ziwani: ndani yake mna kile mtoto anacholilia. Herufi sita.”

“Iko samaki,” akasema.

“Mtoto mchanga, Maman Nsimire.”

“Basi ni kifua ya mama yake.”

“Karibu. Tazama maneno yenyewe, mama ziwani. Toa mwanzo, toa mwisho.” Nikafunika kwa vidole herufi mbili za mbele na mbili za nyuma. Katikati ikabaki MAZIWA.

Akaacha karanga. Akashika karatasi mwenyewe. “Kumbe! Kumbe ilikuwa inakaa mule mule tu!” Akaita wapita njia wawili kuwaonyesha. Siku nzima ile alikuwa anafunika na kufunua kwa vidole, na karanga hazikuuzwa vizuri.

Sauti ile ndiyo ninayoitafuta mpaka leo. Nikiwa kwenye foleni ya maji nikasikia mtu anasema “kumbe”, shingo yangu inageuka yenyewe.

Mbinu zenyewe si za uchawi. Anza na maneno marefu, uyaweke yapishane katikati. Andika kwa penseli laini, maana utafuta mpaka karatasi itoboke. Na msiige mpangilio wa Wafaransa. Maneno yetu yote yanaishia na voyelle, yaani irabu. Kila neno linaloshuka mpaka mstari wa chini lazima liangushe pale A, E, I, O au U. Kwa hiyo ukiweka ASALI kwenye mstari wa chini, juu ya S na juu ya L lazima pawe na mraba mweusi, la sivyo unatafuta neno la Kiswahili linaloishia na S, na utalitafuta mpaka uzeeke. Mimi nililitafuta siku mbili. Papa Bahizire aliniona, akaniacha niteseke. Siku ya tatu akasema tu, “Ah. Umefika.”

Makosa nilifanya, tena ya aibu. Kuna toleo moja ambalo neno la saba halikujazwa na mtu yeyote, kuanzia Kadutu mpaka Kavumu. Barua zikaja nyingi. Jibu lilikuwa jina la mbuzi wa nyanya yangu.

“Ya mbuzi?” Papa Bahizire aliuliza.

“Alikuwa mbuzi mwenye kujulikana, Papa. Ku mlima yetu yote.”

“Nabintu. Ulifunga mulango, halafu ukameza ufunguo. Ule mutu mwenye kusimama nje utamuambia nini?”

Nikaandika radhi kwa mkono wangu, kwa jina langu, na ikachapwa pale pale chini kushoto. Kumbukeni hilo. Kosa langu nalibeba mimi. Sikatai kubeba.

Na kulikuwa na siku ya yule citoyen, yaani ndugu mwananchi, wa chama tawala aliyeingia na gazeti limekunjwa chini ya kwapa. Alikuwa amepaka wino mwekundu kwenye miraba. CHAMA ilikuwa imelala, NJAA ilikuwa inashuka juu yake, zinakutana kwenye A ya mwisho.

“Citoyenne, unieleze. Juu ya nini njaa iko inaingia ndani ya chama?”

Hayo yalikuwa mambo ya kulala mahali ambapo si kwako, nyuma ya vyuma. Papa Bahizire akafuta mikono kwa petroli taratibu, akavaa miwani, akainama juu ya gazeti kama daktari.

“Citoyen, tuangalie pamoja. Njaa inatoka juu, si ndiyo? Inashuka, inashuka. Inafika ku chama. Halafu?”

Yule mtu akatazama. “Halafu… inaishia pale.”

“Inaishia pale,” Papa Bahizire akasema. “Haivuke.”

Citoyen akakunja gazeti lake. Kisha akaomba nakala tatu za kupelekea wakubwa wake. Alipotoka, Maman Nsimire alicheka mlangoni mpaka akapaliwa na karanga, na mimi nikaketi chini kwenye sakafu kwa sababu kiti kilikuwa mbali.

Kwa miaka saba niliamka nikiwa na hamu ya kufika kazini. Nyie mtakaopata kazi mtaona kwamba jambo hili ni adimu. Harufu ya wino asubuhi, ziwa linaonekana kipande tu kati ya paa mbili, Papa Bahizire anaimba kwa Mashi, lugha ya kwao, kwa sauti ya puani, meza yangu yenye mguu mmoja uliowekewa kigae. Tumbo lilipokuwa kubwa, nilikaa upande, nikaandika upande.

Macho ya Papa Bahizire yalikwisha mwaka huohuo. Akarudi Mumosho kulima. Kabla ya kuondoka alinionyesha tena etajère yake, rafu ya mbao, ingawa niliijua. Miraba iliyokuwa tayari ilikaa pale, imefungwa na herufi zake za chuma, ikingoja zamu. Fremu ya miraba ilikuwa furushi moja, madokezo yake furushi lingine, kwa sababu pamoja vilikuwa vizito mno. Ili visipotezane, kila jozi aliifunga kwa vipande vya kitenge kimoja. Majani kwa majani, ndege kwa ndege. Dada zetu wote, mama zetu wote, vitenge vyao vilivyochakaa vilimalizikia kwenye etajère ile. Hapakuwa na namba. Kwa nini namba? Sote pale ndani tulijua.

Sote, isipokuwa Directeur, ambaye alikuwa mgeni na ambaye etajère hakuwahi kuikaribia, asichafue shati.

Sasa turudi siku ya sambaza. Nilifika imprimerie. Mlangoni Maman Nsimire aliniona uso akaacha kusalimu. Akanyoosha mikono tu, akampokea Asifiwe. Ndani, meza yangu haikuwepo ilipokuwa. Walikuwa wameisogeza ukutani, na juu yake wameweka mashine ya kukata karatasi, imepigiwa misumari.

“Citoyenne, weye uko mu congé ya uzazi,” Directeur akasema. “Unatafuta nini huku?”

“Nani alitoa miraba ya toleo lile?”

“Mimi. Ukurasa ilikuwa na shimo. Nilichukua ku etajère.”

“Ulichukua ginsi gani?”

“Kwa mikono! Nilichukua miraba, nikachukua na madokezo. Vyote si vilikuwa pale?”

Nikaenda kwenye etajère. Vipande viwili vya kitenge vilikuwa vimening'inia kwenye msumari alipovitupia. Kimoja cha majani, kimoja cha ndege. Nikavishika kimoja mkono huu, kimoja mkono ule. Kwake yeye kitambaa ni kitambaa. Alichukua miraba ya fumbo moja, akaweka chini yake madokezo ya fumbo lingine, akachapa, akatia jina langu. Mji mzima ulikaa kujaza nyumba kwa funguo za nyumba ya jirani.

“Directeur, haikuwezekana kujazwa. Hata na mimi. Hata na Mungu.”

“Ndiyo, tuliona. Juu ya ile tuliomba radhi.”

“Uliomba radhi kwa tumbo yangu!”

“Maman, usikasirike. Kila mwanamuke akizala anachoka. Ile siyo tusi, ni huruma.”

“Andika kwamba ni weye ulichanganya.”

“Directeur hawezi andika mu gazeti yake kwamba hajui gazeti yake. Itaonekana namna gani? Batu watasahau. Ni mchezo tu.”

“Kama ni mchezo, juu ya nini uliweka jina yangu?”

“Juu jina yako njo batu wanajua.”

Hapo alisema kweli bila kukusudia. Macho yangu yakaangukia meza yake, ambapo barua za wasomaji zilikuwa zimerundikwa chini ya sahani ya kikombe chake. Zilikuwa zangu. Nikazichukua zote na hakunizuia.

Moja ilitoka Mwenga. Mwandiko niliujua kabla ya kufungua, kwa sababu bahasha zake zilikuja siku zote na udongo mwekundu kwenye pembe, zimeletwa na dereva wa lori. Ni mchimba dhahabu. Sijawahi kumuona. Miaka mitano alituletea miraba yake, imejazwa kwa bic, na pembeni ameandika njia. Mara moja tuliweka: “Lima, kisha geuza: utajiri.” Njia yake ni kugeuza silabi, LI na MA zinakuwa MALI. Alituandikia: “Mimi niko nageuza udongo kila siku tangu ujana, mali siione. Kwenu nimegeuza mara moja, nikaipata.” Papa Bahizire alibandika barua ile ukutani.

Safari hii njia hakuwa nayo, wala hakutukana. Laiti angetukana. Aliandika:

“Maman Nabintu, nilishikilia miraba yako Jumapili tatu. Nimeshindwa hata neno moja. Nimesoma majibu yenu, na bado sioni njia. Naona akili yangu imeanza kuisha, pengine ni vumbi ya mashimo. Nakuomba, kama una nafasi, unionyeshe mimi nilikosea wapi. Kama ni mimi nimezeeka, niambie pia, nitaacha kukusumbua.”

Nilitoka. Nilikaa kando ya Maman Nsimire, nikamnyonyesha mtoto, nikamsomea barua ile. Hakusema kumbe, wala hakusema ndiyo. Alinisogezea karanga.

Meza, ninyi vijana, niliona kwamba imekwenda. Misumari ilikuwa imepita. Sikurudi kuketi pale, na ninawaambia ukweli, hakuna asubuhi ambayo sikumbuki kile kigae chini ya mguu wake. Lakini jambo la yule mtu wa Mwenga halikuwa la meza. Nilimwandikia hapohapo, na lori likapeleka. Ila yeye ni mmoja, na gazeti lilikuwa limefika kwa wengi ambao hawakuandika. Hao walifunga kurasa zao kimya na kila mmoja akajihukumu nyumbani kwake.

Kesho yake nilinunua karatasi mbili na stempu, nikaenda ofisi ya mkaguzi wa kazi. Waliniambia nimlete mume wangu azungumze kwa niaba yangu. Niliwaambia miraba haikutungwa na mume wangu. Wakapokea barua yangu, wakapiga muhuri kwenye nakala. Ninainakili hapa neno kwa neno, ili mjue namna ya kuandika siku yenu itakapofika.

*

Bukavu

Kwa Citoyen Mkaguzi wa Kazi

Jambo: Malalamiko juu ya tangazo la uongo

Citoyen Mkaguzi,

Mimi ninayetia sahihi hapa chini, Citoyenne Nabintu, mkaaji wa Bagira, mama wa mtoto mmoja, mtungaji wa miraba kwa miaka saba katika imprimerie iliyotajwa kwenye bahasha, nina heshima ya kukuletea malalamiko haya dhidi ya Directeur wake.

Wakati nikiwa katika likizo ya uzazi ninayopewa na sheria, Directeur alichapa miraba ya fumbo moja pamoja na madokezo ya fumbo lingine, na kuweka jina langu. Baadaye alitangaza kwamba kosa ni langu na kwamba lilitokana na uchovu wa uzazi. Yote mawili si kweli. Naambatisha tangazo lenyewe, vipande viwili vya kitenge vinavyoonyesha mafurushi yalivyochanganywa, na Maman Nsimire, muuza karanga, yuko tayari kushuhudia kwamba siku ile sikuwa kazini.

Meza yangu imeondolewa. Juu ya hilo sheria unaijua kuliko mimi, na utafanya unavyopaswa. Mimi nadai mambo mengine.

Nadai maneno “uchovu wa uzazi” yafutwe kwa maandishi. Kuzaa nilizaa, na sikukosea.

Nadai iandikwe ni nani aliyechanganya.

Nadai mafumbo yote mawili yachapwe upya, kila moja na madokezo yake, na maelezo yake yote ambayo nimeyaandika na kuyaambatisha hapa, kurasa nne. Sitaki malipo kwa kurasa hizo.

Nadai vichapwe ukurasa uleule, chini kushoto, kwa herufi za ukubwa uleule, na juu yake wasomaji waambiwe waziwazi kwamba fumbo lile halikuwa na njia, na kwamba wao hawakukosea popote.

Nabintu